Mengine Ataniambia Papa Athanase

Benchi ya Haruna ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya maganda mawili ya pampu za zamani, pale mtaa wa Panda, kwenye kona ambapo barabara ya kambi ya wafanyakazi inakutana na ile inayoelekea sokoni. Yale maganda yalitoka karakana gani, na yalipitaje getini, hakuna anayeuliza, na wewe usiulize. Haruna, ambaye babu yake alikuja kutoka Kasongo na birika na tasbihi, anachemsha kahawa ya tangawizi juu ya makaa tangu asubuhi mpaka makaa yaishe. Wanaokaa hapo kila siku ya Mungu ni watatu. Yuko Ruffin, anayeitwa Directeur, ingawa hajawahi kuongoza hata foleni ya bombani. Yuko Eddy, dereva wa pikipiki, anayeitwa Radio kwa sababu hazimiki. Na yuko mzee Athanase, fundi umeme aliyestaafishwa mwaka jana, ambaye Panda nzima inamwita Papa Courant, yaani Baba Umeme. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya tisa wanazungumza jambo lile lile, yaani nini kilimuua Ghislain.

Ghislain alikuwa mwanafunzi wa Athanase. Miaka sita alimbebea mfuko wa vyombo, na mzee alipotoka kazini, yeye ndiye aliyebaki pale karakana ya pampu kama fundi. Siku tisa zilizopita pampu kubwa ilizima ghafla, akatumwa kuangalia kabati lake la umeme, ile armoire ya kijivu iliyo ukutani nyuma kabisa. Akazima swichi kubwa. Akapima, hakuna umeme. Akaingiza mikono yote miwili. Waliokuwa mlangoni wanasema hakupiga hata kelele. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Sasa nikuambie jambo ambalo benchi haikulijua. Katika wale wote waliokuwa wakibishana pale, mmoja tu alijua kilichomuua yule kijana, na huyo alikuwa amenyamaza, kikombe mkononi, macho kwenye moto. Athanase alijua tangu saa ile ile habari ilipofika kwake, kabla mkewe Marceline hajamaliza kuisimulia. Alijua na hakusema. Na Jumatatu, siku mbili tu zilizobaki, kabati lile lingefunguliwa tena, kwa sababu karakana ilikuwa imefuata desturi ya siku zote: akifa mfanyakazi kazini, nafasi yake inapewa mtu wa familia. Familia ilimtoa Laure, mdogo wake Ghislain, binti aliyesomea umeme. Hakuna aliyekuwa amemwambia Laure kuna nini nyuma ya lile kabati, kwa kuwa hakuna aliyejua, isipokuwa mzee aliyekuwa akinywa kahawa.

Directeur ndiye aliyefungua kikao, kama kawaida yake, baada ya kujifuta midomo kwa kitambaa.

— Minye nasema ni masomo. Batoto ya sasa banajifunza kazi mu téléphone. Muntu anaona vidéo mbili, anajiita technicien. Shiye, zamani, ulikuwa unabeba mufuko ya mukubwa wako miaka mbili mbele ya kugusa hata tournevis, bisibisi tu.

— Ghislain alibeba miaka sita, — Haruna akasema.

— Njo ile nasema. Alibeba, mais alibeba na kichwa ya téléphone.

Athanase alisikia neno mfuko, na mkono wake wa kulia ukauma kama vile ndio uliokuwa ukibeba. Ghislain hakuwa na kichwa cha simu. Alikuwa na daftari. Kila kitu alichoonyeshwa alikiandika jioni kwa herufi ndogo zilizonyooka, kesho yake akalileta lisomwe, na mzee akawa anamcheka mbele ya wenzake kwamba huyu si fundi, ni karani.

Haruna hakutaka habari za masomo. Yeye alikuwa na hakika ni husuda. Alieleza, huku akimimina, kwamba kule kwenye kilio alimwona mtu mmoja wa kutoka Kakanda aliyekaa tangu asubuhi hadi jioni bila kugusa bukari, ugali wa kwetu, na mtu asiyekula kwenye kilio ana jambo lake. Mtu huyo alikuwa ameomba kazi ile ile mwaka jana, akakoseshwa. Radio akasema yule wa Kakanda alikuwa anaumwa jino, yeye mwenyewe alimpeleka kwa mganga wa meno kwa pikipiki. Haruna akajibu kwamba jino ni kisingizio kizuri sana, na kama yeye angekuwa mchawi naye angeumwa jino.

— Hapana, — Radio akasema, akasogea mbele mpaka ubao ukainuka upande wa pili. — Muko mbali. Courant ya kwetu inatoka wapi? Mwadingusha. Na Mwadingusha ni mayi ya mto Lufira balifunga. Chini ya ile mayi kulikuwa bantu benye kulala, makaburi ya wakubwa. Balifunika bantu na mayi, bakatosha moto mu mayi. Sasa weye unafikiri wale benye kulala beko na furaha? Kila mayi ikishuka, banalomba muntu. Ile juma mayi ilikuwa chini. Angalia tu.

Directeur alitikisa kichwa, akasema hiyo haiko scientifique, lakini naye alisogea kidogo asikie. Ndivyo ilivyo benchi ile. Mtu anaanza kwa kukataa, na kikombe cha pili hakijaisha tayari anaongezea chumvi.

Na chumvi ilikuja. Radio akashusha sauti, akamtazama Athanase kwa heshima ambayo hata askofu hapewi, akasema yeye ana mawazo mengine lakini anaogopa kuyasema mbele ya mwenyewe. Wakamsukuma ayaseme.

— Ile armoire iko na bwana. Inajua mukono moja tu. Minye nilikuwa kule siku moja, nilipeleka chef ya karakana na moto yangu, hii pikipiki. Courant ilikatika Panda nzima. Bakaita Papa huyu. Papa akasema bantu bote batoke inje. Bantu bakatoka. Akaingia peke. Haikufika dakika mbili, pompe ikaanza kulia. Panda nzima giza, pompe inatembea. Shiye tukapiga makofi. Sasa niambieni, kama si ndoa, ni nini? Papa alitoka kazi, bakatia ule mutoto Ghislain. Bibi alikataa bwana mupya.

Haruna akasema astaghfiru, lakini taratibu, kama mtu anayetaka kusikia zaidi. Wote watatu wakamgeukia mzee, wakingojea athibitishe.

— Courant haina bibi, — Athanase akasema.

Wakakubaliana kwamba mtu mkubwa huwa hajisifu. Haruna akamjazia kikombe bila kuombwa. Na hilo ndilo lililomchoma, maana katika upuuzi wote uliosemwa siku tisa zile, huu wa Radio ulikuwa umefika karibu kabisa na mlango, ukagonga, kisha ukageuka na kumpigia makofi.

Kilichokuwepo hakikuwa ndoa. Kilikuwa mkono mdogo wa chuma, urefu wa kijiko, nyuma ya kabati, chini, umefunikwa na bati. Miaka ya mgao mbaya, umeme ulipokuwa unakatwa Panda leo na upande wa pili wa mji kesho, Athanase aligundua kwamba laini ya upande wa pili inapita ukutani kwa nyuma. Akavuta waya usiku wa mapumziko, akafunga ule mkono. Ukiushusha, pampu inakula laini ya kawaida. Ukiupandisha, pampu inaachana na laini ya kawaida na kuhamia ile ya pili, na hapo swichi kubwa ya mbele haina tena kazi nayo, hata uizime mara mia. Hakuuchora kwenye ramani yoyote. Hakumwambia chef. Ule mkono ndio uliomfanya Papa Courant, na mtu hatoi jina lake bure.

Usinielewe vibaya, hakuwa wa kwanza. Mafundi wote wa zamani walikuwa na kitu chao cha mwisho, na njia ya kukitunza ilikuwa moja: ukifika kwenye kile kitu, unamtuma mwanafunzi maji. Nenda bombani, lete ndoo. Akirudi, kazi imekwisha, anakuta mzee anafuta mikono. Athanase naye alitumwa maji na mwalimu wake, marehemu Banza. Lakini yeye alimwaga nusu ya ndoo njiani, akarudi mbio, akachungulia kwenye tundu la bolti iliyokosekana, akaona kila kitu. Banza alijua. Alimwangalia suruali iliyolowa mpaka magotini, akacheka, akasema sasa utakuwa fundi. Ndivyo kazi ilivyopita kutoka mtu hadi mtu pale Panda. Mkubwa anaficha ili abaki na heshima yake, mdogo anaiba kwa macho, na hakuna anayesema neno.

Ghislain hakuchungulia. Miaka sita, hata mara moja. Alijaza ndoo mpaka juu, akaifunika na sahani vumbi lisiingie, akaja nayo polepole, na alipofika mlangoni akakohoa kwanza, akasimama nje mpaka aitwe. Mwanzoni Athanase alicheka. Halafu akakasirika, akawa anamtuma mara mbili kwa siku, akiacha mlango wazi kidogo, akimngojea aibe kama watu wote wanavyoiba. Kijana akakohoa. Na mwishowe, Mungu amsamehe, mzee aliona raha. Mwanafunzi asiyechungulia hawezi kuchukua nafasi yako.

Lakini nafasi ilichukuliwa hata hivyo. Mwaka jana walimpa mzee mkono wa kwaheri, wakampiga picha na chef, wakamwambia apumzike. Haukupita mwezi, mgao ukaja, na pickup ya karakana ikasimama mbele ya nyumba yake. Barabara nzima iliona. Marceline alipiga pasi salopeti yake ya kazi huku dereva akingoja. Athanase alienda, akawatoa watu wote nje, akamtuma Ghislain maji, ingawa Ghislain sasa ndiye aliyekuwa fundi, akaupandisha mkono, pampu ikalia. Wakampigia makofi. Siku tatu baadaye pickup ikaja tena kumchukua arudishe mambo kama yalivyokuwa, akaushusha.

Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu, mwezi huu huu, aliupandisha na pickup haikurudi. Umeme wa pande zote mbili ulikuwa mzuri, pampu ilikuwa inatembea, nani angehangaika. Angeweza kusema neno moja kwa Ghislain. Angeweza kwenda kwa miguu, ni dakika kumi na tano. Aliuacha juu, akasema moyoni watakuja, lazima watakuja. Hakutaka mtu afe. Alitaka ile pickup isimame mbele ya nyumba yake.

Basi laini ya pili ikaingia kwenye mgao. Pampu ikanyamaza. Ghislain akazima swichi kubwa, akapima, hakuna kitu, maana kweli saa ile hakukuwa na kitu. Alikuwa na mikono ndani laini ya pili iliporudishwa.

Kule kwenye kilio walimkalisha mzee kiti cha mbele, pamoja na wajomba. Mama wa marehemu alimshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumfundisha mwanawe kazi na adabu. Akaombwa aseme neno, akasema, na watu wakalia. Siku ya nne alijikaza akaenda mpaka kwenye geti la karakana, aseme ukweli. Mlinzi alimpigia saluti, akamwuliza kama amekuja kuwaokoa tena. Athanase akasema anapita tu.

Pale kwenye benchi Directeur alikuwa sasa anaeleza kwamba dawa yake ni kumwita padri na imamu siku moja, kila mmoja aombee upande wake wa kabati, ndipo Haruna alipokohoa na kuonyesha kwa kidevu. Msichana alikuwa anakuja kutoka upande wa kambi, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi, mfuko wa vyombo begani. Athanase aliutambua mfuko kabla ya kumtambua mwenye kuubeba.

— Jambo yenu, ba papa.

Wakamwitikia, wakamsogezea nafasi, Haruna akamwekea kikombe. Alikuwa Laure. Directeur akampa pole kwa Kifaransa kirefu, naye akaipokea kichwa chini, kama alivyolelewa. Kisha akatoa daftari, likiwa limefungwa na mpira wa ndani wa baiskeli.

— Lundi saa moja naingia kazi, — akasema, yaani Jumatatu. — Chef anasema pompe itembee mbele ya midi, saa sita. Nilisoma carnet ya yaya wangu Ghislain usiku yote. Iko muzuri, kila kintu iko ndani. Ni page moja tu haiishe.

Akasoma. Armoire ya pompe. Moja, kata disjoncteur, ile swichi kubwa. Mbili, funga na cadenas, tia funguo mu mufuko yako mwenyewe. Tatu, pima mara mbili, usiamini mara moja. Nne, vaa glove hata kama kuko joto. Glavu za Ghislain zilikuwa zimetoboka na aliahidiwa mpya tangu mwaka jana, jambo ambalo kila mtu kwenye benchi alilijua. Halafu akasoma mstari wa mwisho.

— Tano. Mengine ataniambia Papa Athanase.

Akaligeuza daftari waone. Chini ya mstari ule hapakuwa na kitu. Ukurasa uliobaki mweupe, na wa pili yake mweupe, zimeachwa makusudi, kisha kwenye wa tatu yanaanza mambo ya mota nyingine.

— Nilikuya kuuliza tu. Mengine ni nini?

Walimjibu wote isipokuwa aliyeulizwa. Directeur alisema mengine ni expérience, kitu ambacho hakiandikwi, kinakuja na mvi. Haruna alisema labda ni dua, maana mtu akiingia mahali pa hatari huanza na bismillahi, na Ghislain, ingawa alikuwa mkatoliki, alikuwa kijana wa kuheshimu dini ya kila mtu. Radio alisema ni neno, neno moja ambalo Papa analiambia lile kabati, na neno kama hilo haliwezi kusemwa barabarani. Laure aliwasikiliza mmoja mmoja mpaka mwisho, hakumkatiza yeyote. Kaka yake alikuwa akisikiliza hivyo hivyo.

— Aliandika miaka tatu sasa, — akasema, naye alikuwa anamtazama mzee. — Nilimuuliza, yaya, juu ya nini usichungulie? Ku école banasema kila apprenti, kila mwanafunzi, anachungulia. Akanijibu, nikichungulia nitamuiba. Papa iko na siku yake. Siku atasema, bakia na minye ndani, njo siku nitakuwa fundi.

Athanase aliweka kikombe chini, na kikagonga ubao. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Aliona njia, na niseme kweli, ilikuwa njia nzuri. Jumatatu angekwenda naye. Pickup ingekuja, au wasingeileta, angekwenda kwa miguu. Angewatoa watu nje. Angeushusha ule mkono, angeweka bati mahali pake, na hapangekuwa na mtu duniani wa kujua ulikuwa juu au chini siku ile. Binti angekuwa mzima. Mama yake angeendelea kumshukuru.

— Lundi nitaenda nawe, — akasema. — Nitakuya minye mwenyewe.

Benchi ilipumua. Directeur akasema huo ndio ukubwa, hivyo ndivyo mtu mzima anavyofanya. Radio akajitolea kumpeleka kwa pikipiki bila malipo. Laure naye alishukuru, akafunga daftari, akarudisha ule mpira.

— Na kiisha lundi, papa? Siku hautakuwa hapa, nitauliza nani?

Kijasho kilikuwa kinamshuka mzee kwenye mashavu, na midomo ilikuwa imekauka mpaka Haruna akaona. Laure aliona pia. Akainuka haraka, akatazama ndoo ya Haruna pale nyuma ya moto, hatua nne.

— Papa, hauko muzuri. Ngoja, nikuletee mayi.

Alikuwa amekwisha kugeuka, amepiga hatua ya kwanza.

— Hapana, — Athanase akasema. — Usiende mayi. Rudia. Ikala hapa.

Alisema kwa sauti ambayo benchi haikuwahi kuisikia. Laure akarudi, akakaa.

— Fungula carnet. Andika.

Akafungua. Kalamu ilikuwa ya kaka yake, kifuniko chake kimetafunwa.

— Nyuma ya armoire, chini, kuko tôle, bati. Tosha ile tôle, iweke pembeni. Utaona mukono mudogo ya chuma. Haiko mu plan, ni minye niliitiaka. Mukono ikiwa juu, pompe iko ku ligne ya pili, hata ukate disjoncteur, haikatike. Anza na kushusha mukono. Kiisha, fuata ile Ghislain aliandika.

Laure aliandika bila kuinua kichwa. Aliandika kwa herufi ndogo, naye pia. Radio alikuwa ameacha mdomo wazi.

— Ile siku, — Laure akasema, bado anatazama karatasi, — mukono ilikuwa juu ao chini?

— Juu.

— Nani aliiacha juu?

— Minye.

Haruna alikuwa ameinua birika kumimina, akabaki nalo hewani. Athanase alingoja apigwe, au atukanwe, au binti apige yowe watu watoke kambini. Angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Laure alikuwa anasoma alichokiandika, kidole chini ya maneno. Ilikuwa mistari mitatu, na wa tatu haukufika katikati. Akageuza ukurasa, akautazama ule mwingine mweupe ambao kaka yake aliuacha, akaurudisha. Alipoinua uso hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyefungua sanduku kubwa lililolindwa miaka, akaangalia ndani, akaangalia tena kama kuna kitu chini yake.

— Ni hii tu, papa?

Directeur alitazama viatu vyake. Radio alitazama barabara. Haruna aliweka birika juu ya moto bila kujua amefanya nini, kahawa ikachemka, ikamwagika juu ya makaa, na hakuna aliyeinama kuiepua.